Anayeshika Unga Wako Ameshika Kura Yako

Kama uko kwenye kikundi cha watu ishirini na kitu, mnakutana kila Jumamosi, mna sanduku la kufuli tatu na funguo zake mmegawana watu watatu tofauti, basi makala hii ni yako. Fannie Lou Hamer wa Mississippi alihangaika miaka saba kabla hajapata kitu cha namna hiyo. Alifukuzwa usiku, nyumba aliyojificha ikamiminiwa risasi, akapigwa korokoroni mpaka figo zikaharibika. Ninyi mnacho tayari. Wengi wenu mnakitumia kununuliana vyombo na kuchangiana harusi, na Desemba ikifika mnavunja kikoba, mnagawana, mnakula pilau. Pilau ni halali yenu. Ila mmekalia silaha kana kwamba ni kigoda.

Hamer alizaliwa mwaka 1917, kitinda mimba katika watoto 20. Wazazi wake walilima pamba kwa kugawana mazao na mwenye shamba. Tuseme wazi mpango huo ulikuwaje: ardhi ya bwana, mbegu za bwana, duka la kukopea la bwana, mizani ya bwana, na daftari la madeni anayeliandika ni bwana mwenyewe. Msimu ukiisha hesabu inapigwa, na mkulima aliyeinama shambani tangu masika anaambiwa bado anadaiwa. Fannie Lou alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi kwenye shamba moja karibu na mji wa Ruleville kwa miaka 18, akichuma na kuandika mahudhurio ya wachumaji. Mwaka 1961 aliingia hospitali kutolewa uvimbe, akatoka bila kizazi. Hakuna aliyemwomba ridhaa.

Agosti 1962 vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliokuwa wakipigania haki za Weusi bila kutumia nguvu, waliitisha mkutano kanisani Ruleville. Hamer alikuwa na umri wa miaka 44. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu Mweusi wa Mississippi ana haki ya kujiandikisha kupiga kura. Tarehe 31 mwezi huo watu 18, Hamer akiwemo, walipanda basi kwenda Indianola, makao makuu ya wilaya ya Sunflower. Karani akamwekea mbele kifungu cha katiba ya jimbo akieleze kwa maandishi. Alishindwa, kama ilivyokusudiwa. Njiani kurudi polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini. Kosa lake, basi lilikuwa la njano mno.

Waliporudi, mwenye shamba alikuwa ameshapata habari. Akamwambia mambo mawili, achague moja: aende akafute jina lake au ahame. Hamer akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku huohuo alitoka kwenye shamba alilolitumikia miaka 18. Siku kumi baadaye risasi 16 zilipigwa kwenye nyumba ya marafiki waliokuwa wamempokea.

Wengi tukisimuliwa kisa hiki tunabaki na risasi. Risasi zina kelele. Mimi nakuomba utazame lile lililofanyika kimya, jioni, barazani: mtu mmoja, kwa sentensi moja, alimwondolea mwenzake nyumba, kazi na chakula. Hakunyanyua mkono wala hakuhitaji polisi. Alikuwa ameshika unga, na aliyeshika unga hana haja ya kushika bunduki.

Wabaguzi wa Mississippi walilijua jambo hili kuliko wanaharakati wengi wa leo. Mwaka 1954, mwezi Julai, hapohapo Indianola kiliundwa chama cha Wazungu kilichoitwa Citizens' Council. Wanachama wake hawakuvaa majoho meupe wala kuficha nyuso. Walikuwa mameneja wa benki, wenye maduka, wenye mashamba, watu wa kanisani Jumapili. Ukitia saini ombi la mwanao asome shule moja na Wazungu, kesho yake mkopo wako benki unadaiwa wote kwa mkupuo. Fundi anakosa wateja. Mwalimu anakosa mkataba. Chama kile kilienea Kusini kote, na sababu ni nyepesi: njaa ni rahisi kuiendesha kuliko gereza.

Majira ya baridi ya 1962 kuelekea 1963, wilaya jirani ya Leflore ilikwenda mbali zaidi. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa ikitoa mgawo wa chakula cha ziada, unga, mchele, maziwa ya unga, na watu zaidi ya 20,000 walikuwa wakiutegemea kuvuka miezi ambayo pamba haina kazi. Wakuu wa wilaya wakausimamisha. Ilikuwa adhabu kwa Weusi wote kwa sababu wachache walithubutu kwenda kujiandikisha.

Lakini mpango uliwageukia. Vijana wa SNCC walikusanya chakula kutoka miji ya kaskazini. Mchekeshaji Dick Gregory alileta tani kadhaa kwa ndege kutoka Chicago. Watu walipanga foleni kupokea, na foleni ya chakula ikazaa foleni ya mahakamani, ya wanaotaka kujiandikisha. Mtu aliyekuwa akiogopa siasa sasa alikuwa ameonyeshwa kwa tumbo lake mwenyewe siasa ni nini. Hakuna semina ingemfundisha vizuri zaidi, na nasema hivi nikijua ni semina ngapi tumekaa tukisubiri posho.

Mmoja wa walioongoza kazi ile ni Bob Moses, kijana wa New York, mwalimu wa hisabati, mpole wa kusema kiasi kwamba ilibidi unyamaze ndipo umsikie. Msomaji wa Same anaweza kuwa na mzazi aliyemfahamu. Mwaka 1969 Moses alihamia Tanzania na familia yake, akafundisha hisabati Same mpaka 1976. Alikuja kwenye mkoa ambao nao ulikuwa na kisa chake cha ubaguzi na ushirika. Miaka ya 1920 masetla wa Kizungu waliishinikiza serikali ya mkoloni iwazuie Wachaga kulima kahawa. Wakulima wakajibu mwaka 1925 kwa kuunda chama chao, KNPA, rais wake Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Kahawa ilibaki mikononi mwa Waafrika kwa sababu kulikuwa na chama cha kuitetea.

Na kama ni pamba unataka, nenda Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi mwenye leseni, na mizani ikasoma anavyotaka mnunuzi. Wakulima wakaanza na jambo dogo lisilo na maneno makubwa: kupima wenyewe. Kutoka kwenye kupima vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa VFCU chini ya Paul Bomani, moja ya miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika. Kumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo serikali ya mkoloni iliinyima TANU ruhusa ya kufanya kazi Jimbo la Ziwa, marufuku iliyodumu hadi 1958. Chama cha siasa kilifungiwa, lakini watu walikuwa wameshajua kukutana, kuchagua, kuhoji hesabu na kumkatalia mkubwa mwenye mizani. Unaweza kufunga ofisi ya chama. Mtu aliyezoea kuuliza "kilo zangu ziko wapi?" utamfungia wapi?

Turudi Mississippi. Agosti 22, 1964, Hamer alikaa mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Atlantic City akaeleza, bila karatasi, aliyotendewa. Rais Lyndon Johnson aliogopa maneno ya mchuma pamba kiasi cha kuitisha mkutano wa ghafla na waandishi ili kamera zimwache yule mama. Usiku televisheni zikayarusha maneno yake vilevile. Wakubwa wakawapa wajumbe wa kundi lake viti viwili tu mkutanoni, vya kutuliza mambo. Hamer akavikataa; hakuona sababu ya watu wote kusafiri mbali kiasi kile kwa viti viwili. Mwaka uliofuata sheria ya haki ya kupiga kura ikapitishwa.

Hapa ndipo hadithi nyingi za mashujaa zinakoma, na hapa ndipo ya kwetu inapoanza, kwa sababu sheria ilikuja na sufuria likabaki tupu. Mashine za kuchuma na dawa za kuua magugu zilikuwa zimefuta kazi ya mikono. Familia zilizokuwa na kadi ya mpiga kura hazikuwa na kazi wala kipande cha ardhi. Katika wilaya hiyohiyo ya Sunflower, seneta James Eastland alikuwa na shamba la maelfu ya eka na alipokea ruzuku ya kilimo ya zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, huku jirani zake wakikosa maharage.

Mwaka 1969 Hamer alianzisha Freedom Farm Cooperative, shamba la ushirika. Walianza na eka 40. Miaka michache baadaye zilikuwa zimefika eka 680. Pamba na soya zilipandwa ili zilipe deni la ardhi. Sehemu nyingine ilikuwa ya kula: bamia, viazi vitamu, mahindi, nyanya, maharage, na majani ambayo mama yeyote wa Nairobi angeyatambua mara moja kuwa sukuma wiki. Ada ilikuwa dola 1 kwa mwezi. Familia zilizoweza kuilipa zilikuwa kama 30 tu. Nyingine karibu 1,500 zilihesabiwa wanachama bila kutoa kitu. Mavuno yaligawiwa kwa wenye njaa, na familia maskini za Kizungu hazikufukuzwa shambani.

Kulikuwa na benki pia, na wasomaji wangu wa pwani mnivumilie, maana mtaji wake ulikuwa nguruwe. Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, lililoongozwa na Dorothy Height, lilitoa majike na madume machache. Familia ilipewa jike, likazaa, wakapata nyama ya mwaka, na wao wakatoa vitoto vya kupewa familia nyingine. Wafugaji wetu wanauita mpango huu kopa mbuzi lipa mbuzi. Mamia ya familia zilipitiwa na benki ile. Hamer alikuwa na hoja iliyonyooka: mwenye nguruwe uani na mboga kwenye makopo ya kuhifadhia hatishiki mtu akimwambia aondoke au anyamaze.

Sasa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Freedom Farm ilikufa. Mafuriko na ukame vilipishana mwanzoni mwa miaka ya 1970, wafadhili wakachoka, pamba haikulipa madeni, na Hamer mwenyewe aliumwa. Mwaka 1976 ardhi ilikuwa imekwenda. Machi 1977 naye akafariki. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa kumwekea mtu mmoja kila kitu. Alikuwa uso wa shamba, mwomba misaada wake, msemaji wake na mama wa kila aliyegonga mlango. Ushirika ulilisha familia karibu 1,500 kwa ada ya familia 30, na pengo likazibwa na sauti ya mwanamke mmoja anayezunguka nchi nzima akihutubia ili apate fedha. Sauti ikichoka, pengo linabaki.

Mwaka huohuo wa 1976 serikali ya Tanzania ilifuta vyama vikuu vya ushirika, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982. Huko ushirika uliuawa na ukata, huku uliuawa na mkono wa serikali baada ya viongozi wa vyama wenyewe kuwapa wanachama sababu za kulalamika. Ukiwa mwanakikundi jifunze vifo vyote viwili. Usitegemee mfadhili hata akikupenda, na usiruhusu ushirika wako uwe idara ya mtu mkubwa.

Ella Baker aliliona hili mapema kuliko wote. Watu humkumbuka kama mama aliyewakutanisha wanafunzi Raleigh mwaka 1960, mkutano uliozaa SNCC. Wachache wanajua kwamba miaka 30 kabla ya hapo, wakati wa mdororo wa uchumi, alikuwa mkurugenzi wa umoja wa vijana Weusi wa vyama vya ushirika, akifundisha watu kununua kwa pamoja na kusimamia duka lao. Alijifunza ushirika kwanza, haki za raia baadaye. Ndiyo maana maisha yake yote aliwashuku viongozi wa jukwaani na kuwauliza vijana: mkiondoka kijijini, nani amebaki anajua kufanya mlichokuwa mkifanya? Zile kufuli tatu za sanduku lenu ni jibu ambalo angelifurahia. Hakuna mwenye kikundi. Asipofika mmoja, sanduku halifunguki.

Wapo waliodumu. Mwaka 1967 vyama 22 vya Kusini viliunda Federation of Southern Cooperatives, na shirikisho hilo lipo hadi leo. Kazi yake kubwa si ya kuvutia kamera: kuandika wosia, kutafuta hati, kuweka mwanasheria pale ardhi ya marehemu asiyeacha wosia inapopigwa mnada kwa sababu mrithi mmoja ameuza fungu lake kwa mgeni. Mwaka 1920 wakulima Weusi Marekani walikuwa zaidi ya 900,000. Leo hawafiki 50,000. Sehemu kubwa ya ardhi ile iliondoka kwa karatasi, na mtu anayesema vikao na mihtasari ni urasimu tu akaulize huko.

Halafu kuna New Communities ya Georgia, iliyoanzishwa 1969 na watu wa harakati, miongoni mwao Charles na Shirley Sherrod. Walikuwa na karibu eka 6,000, ardhi kubwa kuliko zote zilizomilikiwa na Weusi nchini wakati huo. Ukame ukapiga, wakaomba mkopo wa dharura wa serikali, wakazungushwa wakati majirani Wazungu wanapewa. Mwaka 1985 walinyang'anywa ardhi yote. Hawakutawanyika. Walidai na kudai, na mwaka 2009 wakapewa fidia ya dola milioni 12 kwa ubaguzi waliofanyiwa. Wakanunua shamba jingine la eka zaidi ya 1,600 karibu na Albany, ambalo zamani lilikuwa la bwana wa watumwa. Zaidi ya miaka 24 bila ardhi, na bado ni kikundi! Wewe kikundi chako kinavunjika kwa sababu mtu alichelewesha marejesho wiki mbili.

Kwa hiyo amkeni, wanavikoba, wanachama, wana AMCOS, mama lishe, bodaboda wenye umoja wenu wa kijiweni. Msisubiri mpewe jina la wanaharakati. Mnajua nani ana shida na nani anakunywa chai kavu, na mnajua kuhesabu pesa mbele ya macho ya wote. Hayo ni mambo magumu kuliko kushika bango. Kinachokosekana ni kuvuka mstari mmoja: kutoka kusaidiana kwenye msiba na harusi kwenda kusaidiana kwenye ujasiri.

Jumamosi hii, hisa zikiisha kununuliwa, msiondoke. Ulizaneni: katika sisi, nani ameona jambo baya akanyamaza, na akisema atakosa nini? Mmoja atasema anauza kwenye kibaraza cha mtu. Mwingine ni kibarua wa mkonge, nyapara ndiye anayeandika siku zake. Binti wa kazi za ndani atasema analala kwa mwajiri. Hapo mmepata ramani ya nani ameshika unga wa nani. Anzeni na pale panapouma zaidi, hata kama ni padogo. Nunueni mizani yenu. Nunueni gunia la mahindi kwa jumla wakati wa mavuno, likae mpaka Februari bei inapopanda. Mtu mmoja asishike uenyekiti zaidi ya mihula miwili, hata akiwa malaika, na kila kijana wenu ajifunze kuandika daftari, si kuchangia tu.

Na ule mfuko wa jamii, ile mia tano mia tano mnayoweka ya msiba na ugonjwa, ongezeni kifungu kwenye katiba ya kikundi. Kiseme kwamba mwanachama akipoteza kazi, kibanda au chumba kwa sababu alisema kweli kwenye mkutano wa mtaa, alipwe kama aliyefiwa. Kipigieni kura kikao kimoja, kisha kiandikeni, msome kwa sauti, kila mtu atie saini au dole gumba. Mwenye nyumba akija kumfukuza mwenzenu, kodi ya miezi miwili iwe mkononi mwa huyo mwenzenu kabla jua halijachwa, na kesho asubuhi arudi kwenye mkutano uleule akae kiti cha mbele.